Mbio Zikigoma: Kwa Mnaoanza Kazi kwenye Chumba cha Video

Kila Agosti idara za michezo za vyuo vya Marekani huajiri wanafunzi wa kurekodi na kupanga video za timu ya futiboli, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha. Siku hizi wamo na wetu: Watanzania, Wakenya, na vijana wa Kikongo waliokulia Iowa na Nebraska. Kazi yenyewe ni nzuri. Iko ndani ya chuo, kwa hiyo mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kuifanya mradi asivuke saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaingia tukiwa tunaujua mpira mwingine kabisa, na kabla hujajua hata choo kiko wapi utaanza kuulizwa na kinyozi, na mwenzako wa bwenini, na dereva wa basi la chuo: kwa nini timu yetu haiwezi kukimbia na mpira?

Nimekaa kwenye chumba hicho misimu ya kutosha kuona kwamba swali hilo ndilo shule yenyewe. Ukiweza kulijibu kwa kuonyesha video, umeujua mchezo. Kwa hiyo sitawafundisha kila kitu. Nitakaa hapo hapo kwenye mbio.

Misingi kwa haraka. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Kila jaribio ni plei moja, tangu senta autoe mpira nyuma hadi filimbi. Uwanjani kuna 11 kwa 11. Mbele ya washambuliaji kuna safu ya watu watano wazito: senta katikati, gadi kila upande wake, na wawili wa nje. Hao, ukiacha senta anapoutoa, hawagusi mpira labda kwa ajali. Nyuma yao yuko kwotabeki, anayepokea mpira na kuamua, na mkimbiaji, anayekabidhiwa. Waliobaki ni maresiva wa kudaka pasi na tayitendi, ambaye ni nusu resiva nusu mtu wa kusukumana. Ukishayajua hayo, yaliyobaki utayaokota kazini.

Sasa somo lenyewe. Usimtazame mwenye mpira.

Najua si rahisi. Sisi tumekulia kwenye Simba na Yanga, Gor na AFC, macho yanafuata mpira toka utotoni. Lakini hapa mpira unafichwa kwa makusudi, na yanayoamua plei ya mbio hutokea kabla mkimbiaji hajapiga hatua ya tatu, pale mbele, kati ya watu ambao majina yao watazamaji wengi hawayajui. Mkimbiaji akiangushwa baada ya yadi moja, uwanja mzima unamzomea yeye. Ukiirudisha video mara nyingi utakuta amefika mahali ambapo njia ilishazibwa zamani.

Anza kwa kuhesabu. Kabla senta hajautoa mpira, simamisha picha, uhesabu walinzi waliosogea karibu na mstari ambao plei inaanzia, kwenye eneo makocha wanaloliita boksi: watu wa mbele wa ulinzi pamoja na malainibeka wanaosimama nyuma yao hatua chache. Halafu hesabu wa kwenu wanaoweza kuwazuia. Safu ya watano na tayitendi mmoja ni sita. Walinzi kwenye boksi wakiwa sita, mbio zina haki ya kufaulu. Wakiwa saba, kuna mtu mmoja hana wa kumshika. Wakiwa wanane, kocha anayeagiza mkimbiaji apite katikati ajue anabahatisha.

Na hesabu hiyo ina ubaya zaidi ya unavyodhani. Mkimbiaji akishika mpira, yeye hamzuii mtu. Kwotabeki aliyekabidhi mpira akasimama kuangalia naye hamzuii mtu. Kwa hiyo waliobaki kuzuia ni 9, na wanaotaka kumwangusha mwenye mpira ni 11. Mikakati yote ya mbio iliyowahi kubuniwa kwenye futiboli ya vyuo, naisema hii bila woga, ni majaribio ya kuiziba hiyo tofauti ya watu wawili.

Ndiyo maana ni vizuri kujua mambo yalikotoka. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal, kilianza kutumia mpangilio uliobuniwa na msaidizi wake Emory Bellard: wakimbiaji watatu nyuma ya kwotabeki, wakiunda umbo la mfupa wa kidari cha kuku. Kwotabeki alikuwa anaanza kwa kumtazama mlinzi mmoja ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimfuata mkimbiaji wa kwanza, kwotabeki anabaki na mpira. Akimfuata kwotabeki, mkimbiaji anaondoka nao. Halafu anasomwa mlinzi wa pili vilevile, pembeni, na kwotabeki anaamua kukimbia mwenyewe au kurusha kwa mwenzake. Walianza msimu kwa sare na kipigo, kisha wakashinda mechi 30 mfululizo. Mlinzi unayemsoma huna haja ya kumzuia. Umemtoa kwenye hesabu bila kumgusa.

Hesabu ileile ilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sura nyingine. Rich Rodriguez, akifundisha chuo kidogo cha Glenville State huko West Virginia, alimweka kwotabeki hatua kadhaa nyuma ya senta, akatawanya maresiva hadi pembeni mwa uwanja, na akamfanya asome mlinzi wa ukingoni upande ambao mbio haziendi. Leo karibu kila timu ya chuo ina aina fulani ya plei hiyo. Maresiva waliotawanyika wanawavuta walinzi nje ya boksi, na kwotabeki anayeweza kukimbia anamgandisha mmoja wa waliobaki. Tofauti ya wawili inakaribia kwisha, na mtu wa mwisho anaachiwa mkimbiaji ampige chenga mwenyewe.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo itakayokusumbua kwenye kuandika lebo za video: RPO, yaani plei ambayo mbio na pasi zimeagizwa kwa pamoja. Safu ya mbele inazuia kwa ajili ya mbio. Kwotabeki anamtazama lainibeka mmoja: akikimbilia mbele kuziba mbio, mpira unarushwa kwa resiva mahali alipotoka, akibaki, mkimbiaji anakabidhiwa. Hili linawezekana zaidi vyuoni kwa sababu sheria za vyuo zinawaruhusu watu wa safu ya mbele kusogea hadi yadi 3 mbele ya mstari kabla pasi haijarushwa, wakati ligi ya kulipwa inaruhusu yadi 1 tu. Kwa hiyo ukiona gadi anasukumana mbele huku mpira uko hewani, usidhani ni kosa la mwamuzi. Na usiandike "pasi" ukaishia hapo. Kocha akitafuta baadaye plei zote za mbio alizoagiza, hiyo lazima aipate.

Sasa tuingie ndani zaidi ya safu ya mbele. Mbio za kawaida ziko za koo mbili. Ya kwanza ni zoni: safu nzima inapiga hatua upande mmoja, kila mtu anamzuia anayemkuta kwenye eneo lake, na mkimbiaji anatafuta upenyo unapofunguka, popote utakapokuwa. Ya pili ni ile ya kuvuta: watu wa upande mmoja wanawabana walinzi kwa ndani, na gadi wa upande wa pili anatoka nafasi yake, anakimbia nyuma ya wenzake na kwenda kumgonga mtu kwenye upenyo ulioamuliwa tangu mwanzo. Zoni inahitaji watu waliozoeana. Kuvuta kunahitaji gadi mwenye miguu. Timu nyingi zina zote mbili, na nyingi kati ya hizo hazina hata moja wanayoiweza sawasawa. Hilo ni tatizo ambalo hakuna mkimbiaji atakayelitibu.

Chukua plei moja ya aina ninayoiona kila msimu. Jaribio la pili, zimebaki yadi 6. Boksi lina sita, wazuiaji sita. Hesabu ni safi. Zoni kwenda kulia. Kwenye kamera ya pembeni unaona mkimbiaji anapokea mpira, anasita nusu sekunde, anaangukia mgongoni mwa senta wake mwenyewe. Yadi moja. Mtangazaji anasema mkimbiaji hana uamuzi. Sasa fungua kamera ya nyuma ya goli, uende picha moja moja. Senta na gadi wa kushoto walitakiwa wamsukume kwa pamoja mlinzi mnene wa katikati, kisha gadi abaki naye na senta amwachie aende kumzuia lainibeka. Mguu wa kwanza wa gadi ulitakiwa kwenda upande wa kulia, mrefu wa kama shubiri mbili, vidole vikielekea mbele. Umekwenda mbele moja kwa moja. Mlinzi akapita mbele ya uso wake. Senta, akiona hivyo, akabaki kumsaidia badala ya kwenda kwa lainibeka. Lainibeka, sasa yuko huru, akajaza upenyo. Mkimbiaji alisita kwa sababu alikuwa anatazama mtu aliyesimama mlangoni. Mguu mmoja wa mtu ambaye hakuna anayemjua, ndio ulioua plei ya watu kumi na mmoja.

Ndiyo sababu nawaambieni: kwa mbio, kamera ya nyuma ya goli ndiyo yenye ushahidi. Ya pembeni inaonyesha umbali na maresiva, lakini mapengo kati ya watu wa mbele hayaonekani. Mkipangiana zamu, usikimbilie kamera ya pembeni kwa sababu ina picha nzuri. Omba ile ya nyuma. Utajifunza mara mbili kwa muda uleule.

Kuhusu namba, kuna mtego ambao unawanasa hata waandishi wa habari. Kwenye takwimu za vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari akitafuta pasi, yadi alizopoteza zinakatwa kwenye mbio, na tukio lenyewe linahesabiwa kuwa jaribio la mbio. Ligi ya kulipwa inazikata kwenye pasi. Tuseme wakimbiaji wenu wamebeba mpira mara 30 wakapata yadi 140. Hiyo ni wastani wa 4.7, si haba. Kwotabeki ameangushwa mara 5, amepoteza yadi 38. Kwenye karatasi ya matokeo mtasomeka mara 35 kwa yadi 102, wastani wa 2.9. Watu watalia kwamba mbio zimekufa, kumbe waliokufa ni wazuiaji wa pasi. Senta akiutupa mpira juu ya kichwa cha kwotabeki, hasara nayo huingia kwenye mbio. Kabla hujakubaliana na mtu yeyote kwamba timu haikimbii, toa hizo kwanza.

Wastani nao unadanganya kwa upande wa pili. Mbio 20, moja ya yadi 60 na nyingine 19 za yadi mbili mbili, zinaleta yadi 98, wastani wa 4.9. Unaonekana mzuri sana, lakini hiyo ni timu iliyokwama siku nzima na kufumania mara moja. Wachambuzi wengi hupenda kuhesabu plei zilizofaulu: kwenye jaribio la kwanza upate angalau nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Mchambuzi wa takwimu Bill Connelly ndiye aliyekieneza kipimo hicho kwenye futiboli ya vyuo. Unaweza kukijenga mwenyewe kwenye lahajedwali kwa jioni moja, na nawashauri mkijenge badala ya kukipakua, maana ukikijenga unalazimika kuitazama kila plei.

Jambo lingine: kabla hujasema mbio zimeshindwa, jua timu ilikuwa inataka nini. Kocha Mike Leach, tangu Texas Tech hadi Washington State na Mississippi State, alirusha mpira asubuhi na jioni, na mara kadhaa timu zake zilishika mkia wa nchi nzima kwa yadi za mbio. Kwake pasi fupi ya pembeni ndiyo ilikuwa mbio. Kumhukumu kwa safu ya yadi za mbio ni kumwonea. Upande mwingine, Novemba 2023 Michigan walikwenda Penn State, wakamaliza mechi kwa kuagiza mbio plei 32 mfululizo, wakashinda 24 kwa 15. Kwotabeki wao, J.J. McCarthy, ambaye miezi michache baadaye alichaguliwa raundi ya kwanza kwenda ligi ya kulipwa, alirusha mara 8 tu siku nzima. Penn State walijua kinachokuja. Kujua hakukuwasaidia, kwa kuwa hesabu ya boksi inapangwa ubaoni lakini kusukumana kunafanywa na miili.

Hapo ndipo Iowa wanaponisumbua, na nawataja kwa sababu ni somo gumu kuliko yote. Kirk Ferentz anafundisha pale tangu 1999, na zoni ya pembeni, ile inayoelekea nje badala ya katikati, ndiyo dini yao. Mwaka 2022 ushambuliaji wao ulikuwa mbovu kiasi kwamba kwa msimu wa 2023 mkataba wa mkufunzi wa ushambuliaji, Brian, mwana wa kocha mwenyewe, uliandikwa sharti la kufikisha wastani wa pointi 25 kwa mechi. Msimu huo walipata 15 na ushee. Ajabu ni kwamba walishinda mechi 10, kwa ulinzi na mateke. Kila mtu, nami nikiwemo, alikuwa na maelezo yaleyale: hawana pasi ya kumtisha mtu, kwa hiyo walinzi wanajazana kwenye boksi, kwa hiyo mbio hazipiti. Maelezo matamu. Mwaka 2024 akaja Tim Lester kuongoza ushambuliaji, pasi zikaendelea kuwa dhaifu, na mkimbiaji Kaleb Johnson akakimbia yadi 1,537 na tachidauni 21, yaani mara 21 aliufikisha mpira mwisho wa uwanja.

Kwa hiyo yale maelezo ya "bila pasi hakuna mbio" ni nusu ya ukweli. Kilichobadilika ukitazama video ni kwamba watu walianza kutembea kabla ya mpira kutolewa: tayitendi anavuka upande, resiva anarudi ndani, lainibeka analazimika kupiga hatua moja kumfuata. Hatua moja kwenye zoni ya pembeni inatosha. Na Johnson mwenyewe alikuwa mtu mzima zaidi, mwenye subira ya kungoja upenyo ufunguke. Hayo mawili ukiyatenganisha, lipi lilizidi? Nina maoni yangu, kwamba kutembea kuliwapa nafasi na Johnson akazigeuza yadi sita kuwa sitini, lakini zitazameni wenyewe mechi za miaka hiyo miwili moja baada ya nyingine. Ni zoezi zuri kuliko kozi yoyote ya mtandaoni.

Sheria nazo huua mbio. Vyuo vya kijeshi, Army, Navy na Air Force, viliishi kwa miongo mingi kwa kusoma walinzi wengi kwenye plei moja, kwa kuwa hawapati vijana wa kilo 150 wanaoenda Georgia au Alabama. Silaha yao mojawapo ilikuwa kumzuia mlinzi chini ya kiuno hata pembeni. Mwaka 2022 sheria ikafinya uzuiaji huo, ukabaki karibu na katikati ya mstari tu. Army wakajaribu mwaka uliofuata kumrudisha kwotabeki nyuma kama timu nyingine, haikuwakaa, na 2024 wakairudia kwa sehemu kubwa njia yao ya zamani. Msimu huo wakashinda mechi 12, na safu yao ya mbele ikapewa Joe Moore Award, tuzo ya safu bora nchini. Wadogo wa mwili, wakubwa wa mazoea. Mkipata nafasi ya kupanga video za mpinzani anayecheza hivyo, msiikimbie kwa sababu lebo zake ni nyingi.

Nimesema mazoea, hapo kuna kitu cha sasa. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka. Resiva aliyehamia anaweza kuzoea kwa wiki tatu. Safu ya mbele haizoeani hivyo. Gadi na senta wanaomsukuma mtu mmoja na kuachiana bila kuongea wamejifunza hilo kwa mamia ya marudio. Ukiona timu yenye majina makubwa inakwama kwa mbio Septemba na kufunguka Novemba, angalia kwanza safu ya mbele imecheza pamoja mara ngapi, halafu ndiyo utafute sababu za kina zaidi.

Turudi kazini kwetu, kwenye lebo. Kila plei utaijazia safu nyingi: jaribio la ngapi, yadi zilizobaki, mpira uko alama ipi, kundi la wachezaji, mpangilio, aina ya plei, matokeo, sura ya ulinzi. Kundi la wachezaji huandikwa kwa tarakimu mbili, ya kwanza wakimbiaji, ya pili matayitendi. 11 ni mkimbiaji mmoja na tayitendi mmoja, 12 ni mkimbiaji mmoja na matayitendi wawili. Safu ambayo wageni huidharau ni ile ya alama ya uwanjani. Kwenye vyuo alama za ndani, yaani safu mbili za mistari mifupi zinazokwenda urefu wa uwanja, ziko futi 40 kutoka moja hadi nyingine, pana kuliko za ligi ya kulipwa. Mpira ukiwa alama ya kushoto, upande mwembamba una yadi 20 hadi mstari wa nje, na upande mpana una zaidi ya 33. Timu nyingi zina tabia: mbio upande huu, pasi upande ule. Ukijaza safu hiyo kwa kukisia, umemnyima kocha tabia nzima.

Na tabia zetu wenyewe ndizo adui mkubwa. Kwenye wiki isiyo na mechi utapewa kazi ya kuipeleleza timu yako mwenyewe, kama vile ni mpinzani. Wapya huiona kazi ya kuchosha. Mimi naiona kuwa ndiyo tamu. Mkimbiaji akisimama kulia kwa kwotabeki na tayitendi akiwa kushoto, je, tunakimbia karibu kila mara? Kama ndiyo, mpinzani anajua pia. Kisha nenda kwenye vitu vidogo. Vuta picha karibu na mkono wa gadi ulioshika nyasi. Akijiandaa kusukuma mbele, uzito uko kwenye vidole, kucha zinageuka nyeupe, mgongo umeinama mbele. Akijiandaa kurudi nyuma kuzuia pasi, au kuvuta, mkono unagusa nyasi tu na makalio yanashuka. Mlinzi mzoefu anausoma mkono huo kuliko anavyosoma macho ya kwotabeki. Ukimkuta gadi wenu anafanya hivyo kila plei, umemletea kocha wa safu ya mbele kitu ambacho hakuna takwimu ingekionyesha.

Namna ya kukipeleka nayo ina adabu yake. Kocha wa safu ya mbele mara nyingi ni mtu mkali mwenye sauti iliyokwisha, na hapendi kusikia mwanafunzi akimwambia nini kifanyike. Mpelekee video nne au tano, zimepangwa, zenye kichwa kifupi: "Gadi wa kulia, uzito wa mkono." Nyamaza. Ataona. Akikuuliza unadhani nini, jibu kwa ulichoona, si kwa dawa. Usimwite kwa jina lake la kwanza hata kama wenyeji wanafanya hivyo. "Coach" peke yake inatosha na hakuna anayekasirika nayo. Na usiyaongee nje. Kinyozi akikuuliza kwa nini hatukimbii, mwambie tunajitahidi.

Mawili ya mwisho, ya usalama. Mazoezini kamera ya juu hukaa kwenye jukwaa la kupandishwa kwa mashine. Mwaka 2010, huko Notre Dame, mwanafunzi aliyekuwa akirekodi mazoezi alifariki jukwaa lake lilipoangushwa na upepo mkali. Tangu hapo taratibu zilikazwa, lakini hali ya hewa hairudi nyuma kwa ajili ya ratiba. Uliza siku ya kwanza kabisa kiwango cha upepo kinachositisha kupanda, na nani mwenye kusema "shuka". Upepo ukifika kiwango hicho na hakuna aliyesema, shuka mwenyewe; mazoezi ya jioni moja yanaweza kurekodiwa kutoka chini.

La pili ni saa. Wiki ya mechi kazi haina mwisho, na hakuna atakayekufukuza ukibaki hadi usiku wa manane. Lakini zile saa 20 zinahesabiwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wala si na kocha, na kocha mwenyewe huenda hajui kwamba zipo. Mwambie mkuu wa chumba cha video mapema, kabla ya mechi ya kwanza, mpange zamu kwa kuzingatia hilo, halafu andika saa zako kila siku kabla hujazima kompyuta.